Vina na Pingu: Daftari la Oktoba

Voi, Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Kundi letu la kusoma limekubaliana: Jumamosi ya mwisho wa mwezi tutamsoma mshairi Abdilatif Abdalla. Mimi nilitaka diwani yake *Sauti ya Dhiki* yote, wakanikatalia, maana mtihani wa Kidato cha Nne uko mlangoni na nusu yetu ni walimu. Basi yatakuwa mashairi matatu: "Siwati", "Mamba" na "Mnazi".

Kijana wetu wa chuo, ambaye Juni alikuwa barabarani na wenzake kupinga Mswada wa Fedha, aliinua mkono tulipokuwa tunapanga viti. "Mwalimu, mtu anayetaka nchi ibadilike kutoka mizizi anawezaje kutii vina na mizani? Si hizo nazo ni sheria za wazee?" Aliuliza kwa moyo safi. Nilimwambia atapata jibu siku hiyo, na nataka awe na jibu kweli, kwa sababu tumezoea kumsifu Abdilatif kwa ushujaa wake, halafu tukamsifu mbali kabisa kwa ufundi wake, kana kwamba ni watu wawili waliokutana gerezani kwa bahati.

Jumatatu, 14 Oktoba

Ng'ambo ya Holili leo ni sikukuu, Siku ya Nyerere. Shangazi amenipigia kutoka Taveta, na kama kila mwaka amenikumbusha jinsi marehemu mume wake alivyokuwa akiitegea sikio Radio Tanzania jioni. Mpaka ulifungwa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokufa, ukaja kufunguliwa Novemba 1983. Watu walioana na kuzikana pande zote mbili, na miaka yote hiyo wakatenganishwa na kizuizi cha barabarani. Redio haikuulizwa kibali. Taveta waliijua sauti ya Mwalimu Nyerere kuliko sauti ya mbunge wao.

Kumbe nikitafuta, kwa ajili ya swali la kijana, kiongozi aliyeshika kalamu ya ushairi, wa kwanza yuko hapo hapo jirani. Mwaka 1963, akiwa rais wa nchi changa, Nyerere alitoa tafsiri yake ya *Julius Caesar* ya Shakespeare, kisha akairudia upya 1969 kwa jina *Juliasi Kaizari*, mwaka uleule wa *Mabepari wa Venisi*. Rais anayeamka na nchi mabegani mwake, na bado anahesabu silabi za Bruto! Na alipokwisha kustaafu alikaa akatia Injili zote nne na Matendo ya Mitume katika utenzi, vitabu vilivyotoka 1996. Azimio la Arusha la 1967 hakuliandika kwa beti. Alilitoa kwa nathari kavu, ya mtu anayetaka aeleweke na abishiwe.

Waliolitia beti ni wengine. Na hapo walikuwepo mafundi waliofuata njia ya Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye sheria zake za kutunga mashairi zilichapwa 1954, mwaka iliozaliwa TANU, na ambaye alikuwa meya wa Dar es Salaam na waziri kabla ya kufariki 1964: Saadani Kandoro, mwanachama wa TANU tangu mwanzo, na Mathias Mnyampala na ngonjera zake zilizosomwa na watoto wa shule nchi nzima. Nimewasoma tangu ujanani na nawaheshimu. Lakini mengi kati ya mashairi ya Azimio, nikiyafungua leo, hayanifikishi mbali. Vina vimekaa, mizani imetimia, na hakuna kilichokuwa hatarini. Mtunzi anamwambia mwenye nchi kile ambacho mwenye nchi amekwisha kumwambia.

Kwa hiyo kijana yule ana haki nusu. Kanuni peke yake haimfanyi mtu kuwa mshairi wa mapinduzi wala wa kitu kingine chochote.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimekaa kupanga tarehe, kwa sababu vijana wetu wanajua Abdilatif alifungwa na hawajui kwa nini.

Machi 1966, mkutano wa KANU wa Limuru ulimtilia Jaramogi Oginga Odinga kitanzi kwa kufuta cheo chake cha makamu wa rais wa chama. Akatoka, akaunda chama cha KPU pamoja na Bildad Kaggia na wengine. Hoja zao zilikuwa ardhi, mshahara, na swali la nani amekula matunda ya uhuru. Agosti 1968 kulikuwa na uchaguzi wa mabaraza ya wilaya na miji, na karatasi za wagombea wa KPU zikakataliwa nchi nzima. Chama kilikuwa halali kwa jina tu.

Mombasa alikuwapo kijana aliyezaliwa 1946, aliyelelewa na babu yake mdogo aliyekuwa mshairi, Ahmad Basheikh bin Husein, na aliyekuwa akifanya kazi ya hesabu katika Baraza la Mji. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya maneno. Kaka yake Ahmad Nassir Juma Bhalo ndiye wa *Malenga wa Mvita*. Kaka mwingine, Sheikh Abdilahi Nassir, alikuwa mwanazuoni na mwanasiasa wa enzi za ubishi wa Mwambao. Novemba 1968 kijana huyu, Abdilatif, mfuasi wa KPU, akaandika waraka, *Kenya: Twendapi?*, akausambaza na wenzake. Aliandika kwamba watawala wamegeuka madikteta, na kwamba ukiziba njia zote za amani za kubadilisha serikali, watu watatafuta njia nyingine. Desemba akakamatwa. Machi 1969 mahakama ikampa miezi kumi na minane kwa uchochezi. Upande wa serikali ukakata rufaa, kifungo kikawa miaka mitatu. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili tu alipotiwa mbaroni.

Yeye akiwa ndani, Julai 1969 Tom Mboya akapigwa risasi Nairobi. Oktoba watu wakauawa Kisumu mbele ya msafara wa rais, KPU ikapigwa marufuku, Jaramogi akawekwa kizuizini. Chama alichofungwa kwa ajili yake kikafa yeye akiwa Kamiti, peke yake chumbani. Jambo hili nalirudia rudia akilini. Alipokuwa akitunga hakuwa na chama tena cha kukitungia, wala mkutano wa hadhara wa kumpigia makofi.

Aliandika kwenye karatasi za msalani. Maandishi yakatoroshwa nje, na 1973 yakatoka kama diwani, *Sauti ya Dhiki*, kwa Oxford University Press, Nairobi, kwa utangulizi wa Shihabuddin Chiraghdin. Mwaka 1974 diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Yeye wakati huo alikuwa amekwisha kuvuka kwenda Dar es Salaam, kwa Nyerere, akifanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Mtu alifungwa kwa Kiswahili upande huu, akapewa meza ya Kiswahili upande ule.

Alhamisi, 17 Oktoba

Seneti inapiga kura ya kumwondoa Naibu wa Rais. Chumba cha walimu hakina anayesahihisha, simu zote ziko juu. Nimesahihisha insha peke yangu, nikaandika pembeni ya moja: "Hoja nzuri, lakini umepiga kelele kabla ya kuitoa." Baadaye nikagundua kwamba neno hilo ni la kuandika pia pembeni ya mashairi mengi ya siasa ninayoletewa na wanafunzi tangu Juni. Hasira ni ya haki kabisa. Ila kila mstari unaanza juu, na hauna pa kupanda.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nilikwenda msibani Mtito Andei, nikarudi jioni. Kila nipitapo Manyani nageuza shingo. Leo kuna jela na chuo cha askari wa wanyamapori, na abiria wengi wanajua hivyo tu. Mwaka 1954, baada ya msako mkubwa wa Mau Mau uliofanywa Nairobi mwezi wa Aprili, wanaume kwa maelfu walishushwa hapa kutoka kwenye mabehewa, wakatiwa ndani ya nyaya za miiba katika jua hili la Tsavo. Mwaka huohuo homa ya matumbo iliwapukutisha. J. M. Kariuki alikuwa mmoja wa wafungwa wa Manyani, akaandika kitabu juu ya vizuizi hivyo kilichotoka 1963. Kwa hiyo wilaya yetu hii, ambayo watu huijua kwa ndovu na makonge, ilikuwa na moja ya kambi kubwa kabisa za kizuizini katika koloni zima.

Huko ndani watu waliimba. Nyimbo za Mau Mau zilitungwa juu ya tuni za nyimbo za kanisani, zile zile walizofundishwa na wamishonari, maneno yakabadilishwa. Askari aliyepita nje alisikia wimbo wa dini. Maina wa Kinyatti alizikusanya nyimbo hizo, akazichapisha 1980. Miaka miwili baadaye akafungwa yeye mwenyewe.

Na mimi nikiwa kwenye kiti cha dirishani nikaliona jibu la kwanza la kijana wangu. Mfungwa hana karatasi. Hata akiipata, inaweza kuchukuliwa kesho asubuhi. Kinachobaki ni kichwa. Chukua tarbia ya kawaida: mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, umekatwa katikati nane kwa nane, kina cha kati na kina cha mwisho. Ukilisahau neno moja, hesabu inakuonyesha pengo liko wapi hasa, na kina kinakudokeza neno lenyewe liliishia na silabi gani. Ubeti unajilinda wenyewe. Shairi huru zuri ukilipoteza neno, neno limekwenda.

Hili si la kubuni. Muyaka bin Haji alikufa Mombasa 1840 baada ya maisha mazima ya kuwatungia Wamazrui, watawala wa mji huo, na kumkabili Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, kwa mafumbo. Mashairi yake mengi yalikaa vichwani na vinywani mwa watu wa Mvita kwa miongo kadhaa, hadi Mwalimu Sikujua alipoyakusanya na kumpa W. E. Taylor. Wamazrui walikuwa wameanguka tangu 1837. Utawala ulikwenda, beti zikabaki.

Jumapili, 20 Oktoba. Siku ya Mashujaa

Sherehe za taifa mwaka huu ziko Kwale. Kanisani tumewaombea mashujaa bila kutaja jina la Mtaita hata mmoja, nami nimerudi nyumbani na uchungu.

Mwaka 1940, vita vikiwa vimeanza Ulaya, serikali ya kikoloni ilipiga marufuku vyama vitatu kwa mkupuo: chama cha Wakikuyu cha KCA, chama cha Wakamba, na Chama cha Milima ya Taita. Hiki cha tatu kilikuwa chetu. Watu wa milimani walikuwa wamesongwa: mashamba ya walowezi yamechukua ardhi nzuri huko juu, makonge yamechukua bonde, na serikali ikitaka kuwahamisha waliobaki. Woresha Mengo, Jimmy Mwambichi na wenzao walikuwa wakiandika barua, wakikusanya michango, wakienda kwa ofisa na kurudishwa. Viongozi wakapelekwa kizuizini Kapenguria, miaka kumi na miwili kabla ya Kapenguria kuwa jina la kila mtu kwa sababu ya kesi ya Kenyatta.

Woresha hakutuachia diwani. Alituachia mfano wa barua na malalamiko, na kumbukumbu za wazee ambao sasa wamekwisha. Ningetoa nini nipate ubeti mmoja wake kwa Kidawida, hata wa kuimbia mtoto! Maana barua kwa ofisa husomwa na ofisa, ikawekwa kabatini. Shairi huenda sokoni Wundanyi.

Jumatano, 23 Oktoba

Kijana ameniandikia ujumbe: "Mwalimu, Mao naye?" Kumbe amesoma. Basi nimekaa na Mao usiku huu.

Mao Zedong alipindua kila kitu China isipokuwa ushairi wake mwenyewe. Alitunga kwa bahari za kale kabisa, zile za enzi za wafalme, hata shairi lake la Safari Ndefu la 1935. Ho Chi Minh alipofungwa kusini mwa China mwaka 1942 na 1943, akiburutwa kutoka jela hadi jela, alitunga zaidi ya beti mia moja za mishororo minne minne kwa Kichina cha kale. Mishororo minne! Mvietinamu gerezani China na Mmvita gerezani Kamiti, hawajuani, wameshika umbo linalokaribiana kwa urefu.

Ila Mao huyo huyo, gazeti la ushairi lilipochapisha mashairi yake kumi na manane mwaka 1957, aliliandikia kwamba umbo la kale linabana fikra na si la kuhimizwa kwa vijana. Alijiruhusu yeye, wao akawavunja moyo. Na mwaka uliofuata ndipo alipoanzisha kampeni iliyowaua kwa njaa mamilioni ya wakulima wake. Siwezi kuyasoma mashairi yake bila kuwakumbuka, na sidhani ufasaha unalipa deni hilo. Ndiyo sababu nampenda zaidi mshairi aliyeandika akiwa chini. Aliye juu, hata akitunga vizuri kiasi gani, ana majeshi ya kumalizia alichoshindwa kukisema.

Hapa kwetu upo mfano unaonipinga mimi waziwazi, na nitausema mbele ya kundi. Alamin Mazrui, Mmvita naye, alitiwa kizuizini 1982 na serikali ya Moi baada ya mchezo wake *Kilio cha Haki*. Alipokuja kutoa *Chembe cha Moyo* mwaka 1988, mashairi mengi humo yamevua vina. Mji ni ule ule, mateso yale yale, na umbo amelifungua. Kwa hiyo siwezi kusema gereza humlazimisha mtu kushika tarbia.

Basi kilichomshikisha Abdilatif ni nini? Leo nadhani ni hivi. Sheria iliyomfunga ilirithiwa kutoka kwa Mwingereza, ikaandikwa kwa Kiingereza, na mfungwa wa Mvita hakuulizwa. Sheria ya vina hakupewa na serikali yoyote. Aliipata nyumbani, kwa babu na kaka zake, na nyuma yao kwa Muyaka, na nyuma ya Muyaka kwa Fumo Liyongo ambaye naye alifungwa, naye kwa masimulizi alitoa ujumbe gerezani kwa wimbo hadi mama yake akamletea tupa ndani ya mkate. Akiwa Kamiti katika upweke ule, kila akihesabu mizani alikuwa na watu.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimesoma "Siwati" kwa sauti jikoni. Msimamo wake ni wa mtu anayekataa kuachia alichokishika hata wakimfanya nini. Kinachonishangaza ni utulivu. Kukataa kwenyewe kunarudi kila ubeti, na kila kunaporudi kipimo ni kile kile, hakuna neno lililopandishwa ili litishe. Ukisoma kwa haraka, unaona mkaidi tu. Ukisoma kwa mwendo wake unaona mtu aliyekaa chini akafikiri, akaamua, na hana haja ya kukuthibitishia. Nitawaomba wasome polepole.

Kimvita chake kitawasumbua wa huku juu. Haidhuru, nimewaandikia maneno magumu ubaoni.

Jumamosi, 26 Oktoba

Tumekaa saa tatu nzima darasani, madirisha yote wazi na joto lile lile. "Mamba" limewachekesha mwanzo: mamba anayejisifu kwa nguvu zake na kusahau kwamba siku yake ipo. Dada mmoja muuguzi akasema wazi kwamba ana mamba wake hospitalini, tukamwambia asimtaje. Hapo kijana akakiri kwamba fumbo lina kazi: hakimu angetaja kifungu gani cha sheria kinachokataza kumsema mamba?

Tukaja kwenye "Mnazi". Ndugu wawili, Alii na Badi, wanagombea mnazi mmoja, kila mmoja na hoja zake, vuta n'kuvute. Nilikuwa nimejiandaa kueleza Kenya ya 1968, nani mwenye mnazi na nani anayeangua nazi. Sikupata nafasi. Mama mmoja wa Maktau alisimama akauliza mnazi wetu sisi uko wapi. Wakaanza kuhesabu: mbuga za Tsavo zimechukua asilimia 62 ya kaunti hii. Ondoa makonge ya Voi, Mwatate na Ziwani. Ondoa ranchi. Ndovu akila mahindi yako unajaza fomu na kungoja fidia. Mzee wa Taveta, aliyezaliwa ndani ya shamba la mtu mwingine na ambaye wazazi wake waliitwa maskwota hadi kufa kwao, alisema neno ambalo nataka nilitunze hapa kama alivyolitamka: "Hawa ndugu wana heri. Kila mmoja anapewa zamu yake ya kusema mpaka amalize."

Hilo sikuwa nimeliona kwa miaka yote niliyolifundisha shairi hili. Waraka wa 1968 ulisema upande mmoja, kwa haki kabisa, na ukajibiwa kwa pingu. Ndani ya jela mwandishi yule yule akatunga shairi ambamo mpinzani anapewa hoja zake, kwa vina na mizani, hapunguziwi hata silabi. Serikali haikumfanyia hivyo yeye. Umbo la majibizano ndilo lililomdai afanye hivyo, na akatii. Nikamgeukia kijana nikamwambia: hii ndiyo sheria ninayoizungumza.

Hakuridhika. Alisema mwenye mnazi anaweza kufurahia sana mjadala wa zamu kwa zamu huku yeye akiendelea kuangua, na kwamba Alamin Mazrui alivua vina na hakuwa mdogo kwa hilo. Mama wa Maktau akamuunga mkono. Mzee wa Taveta akakataa: alisema angalau katika shairi hoja ya mnyonge imeandikwa kamili, na aliyeisoma hawezi tena kusema hajaisikia. Wakabishana hao wawili mpaka mlinzi akaja kufunga lango la shule, na bado walikuwa wanabishana wakielekea stendi.

Novemba tunasoma *Chembe cha Moyo*. Kijana ndiye atakayeongoza, na mzee wa Taveta ameomba apewe nakala mapema.